Maji Yalifika Alhamisi

"Ami Mbark! Shuka tuzungumze!"

"Sishuki! Niko arusini!"

Sauti ilitoka juu, ndani ya makuti. Inspekta Haddou Aznag alirudi nyuma hatua mbili, akajikinga jua kwa kiganja, ndipo akauona unyayo mmoja, mkavu kama gome, umejikita kwenye shina la mtende. Mwenye unyayo alikuwa akichomeka maua ya mtende dume ndani ya mashada ya mtende jike.

"Arusi ya nani?" aliuliza Konstebo Jilali, dereva wake, kijana wa mjini aliyekuwa amefunga shuka kichwani kukinga vumbi.

"Ya bibi huyu. Mumewe nimembeba begani. Nikishuka sasa bibi atanuna na mwaka huu hazai. Ulizeni hukohuko, masikio yangu mazima."

Haddou alitoa daftari. "Maji ya bwawa yalifika hapa kwenu lini?"

"Jumatano."

"Saa ngapi?"

"Adhuhuri. Nilikuwa kwenye mtende ule uliopinda. Mwadhini hajamaliza, nikasikia kitu kama mtu anaburuta gunia kwenye changarawe. Kugeuka, nayaona yanakuja kwenye mfereji, yamebeba povu na mavi ya punda ya mwaka mzima."

"Una hakika haikuwa Jumanne?"

"Sidi, watu wa bonde hili tunasahau siku walizozaliwa watoto wetu. Siku ya maji hatusahau. Kijiji kizima kilitoka mbio, hata mama mkwe wangu, ambaye tangu Ramadhani anatuambia hawezi kusimama."

Jilali alicheka. Haddou hakucheka. Aliandika: *Imi n'Warg, Jumatano, saa saba mchana, shahidi Mbark, mpanda mitende.* Kisha akasema, "Ukishuka utaniwekea dole gumba hapa."

"Dole gumba la nini? Kesi ya nani hii?"

"Ya Moha Outalb wa Tamsalt."

Makuti yakatulia.

"Mgawa maji?" Mbark aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka ingawa mwenyewe hakushuka. "Tulisikia alizama."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Basi, Sidi, mimi sikuangalia saa. Nilikuwa juani. Mtu wa juani huchanganya siku."

"Umesema siku ya maji hamsahau."

"Nimesema? Basi ni arusi hii imenilevya. Nendeni salama. Msikanyage majani ya mbuzi mkitoka."

Unyayo ukapanda, ukapotea ndani ya makuti. Walimwita mara tatu zaidi. Kisha wakarudi garini.

*

Barabara ilitoka kwenye mitende ikapanda mbugani, kwenye mawe meusi yaliyokuwa yakitoa joto japo saa tatu ilikuwa haijagonga. Upande wa kushoto, chini, mto ulikuwa umelala katika kitanda kipana cha kokoto, na mitende ilikuwa imeufuata kwa ukanda mwembamba wa kijani. Kila walivyokwenda kusini ukanda ulizidi kukonda. Hapa na pale palisimama mashina yasiyo na vichwa, mengi, yamesimama tu kama watu walioambiwa wangoje.

"Afande," Jilali alisema, "niruhusu niulize swali la kijinga."

"Hayo mengine ulikuwa unayaulizaje?"

"Mtu kakutwa ndani ya mfereji. Mfereji una maji. Mzee wa miaka sitini na saba, mawe yanateleza. Tunatafuta nini?"

Haddou alifungua faili mapajani. Lilikuwa na karatasi mbili tu. "Soma ya kwanza. Taarifa ya mkuu wa kijiji."

"Naendesha."

"Basi sikiliza. Maji yalifika Tamsalt Jumatano alfajiri. Marehemu akatoka kwenda kufungua lango la mfereji, akateleza, akazama, hakuonekana mpaka Alhamisi jua linachomoza. Akazikwa Alhamisi alasiri. Sasa, maji yaliachiwa bwawani Jumapili. Kijiji cha Aït Wanir, karani wa maji alituonyesha daftari lake: yalifika Jumanne, saa kumi jioni. Kutoka Aït Wanir mpaka kwa Mbark ni kilomita ngapi?"

Jilali alitazama kipimo cha gari. "Ishirini na nne."

"Yamezitembea kwa saa ishirini na moja. Kwa hiyo maji yanakwenda kilomita moja na kitu kwa saa. Bibi kizee mwenye kuni anayapita. Kutoka kwa Mbark mpaka Tamsalt ni kilomita kumi na tisa. Piga hesabu."

Jilali alipiga kwa vidole juu ya usukani. Alipiga mara mbili. "Alhamisi," alisema. "Alfajiri ya Alhamisi."

"Jumatano nzima mfereji wa Tamsalt ulikuwa mkavu."

"Na mzee akazama ndani yake."

"Na ukitaka kujua alikufa lini, nipe simu yako. Yangu haina mtandao."

Aliyepokea alikuwa Touria, nesi wa zahanati, aliyekaa na maiti kwa robo saa kabla haijakoshwa. Haddou aliweka simu juu ya faili ili wote wasikie.

"Alikuwaje ulipomwona?"

"Amelegea, Inspekta. Maana yake alikuwa ameshakakamaa akalegea tena. Hilo halitokei kwa saa chache. Siku moja na zaidi. Nikibanwa nitasema usiku wa Jumanne."

"Alikufa kwa maji?"

"Povu lilikuwa puani. Ndiyo, kwa maji."

"Mikono?"

"Kucha zote zilikuwa zimevunjika. Kumi. Na chini yake hakukuwa na udongo. Kulikuwa na vipande vyeusi, laini, kama umekwangua mfuko wa plastiki."

"Umevihifadhi?"

"Nilivisafisha. Walikuwa mlangoni wanamngoja kumswalia. Nilimsafisha kama ambavyo ningemsafisha baba yangu. Sikujua."

"Uliandika?"

"Waliniomba cheti cha mazishi tu."

"Hukukosea, dada," Haddou alisema, ingawa alikuwa amekosea, na simu ikakatika kwenye kona ya mlima.

Jilali aliendesha mpaka daraja la chini, mahali mto ulipovuka barabara. Maji ya kahawia yalikuwa yakipita juu ya saruji kwa kina cha kisigino. Akapunguza mwendo.

"Plastiki nyeusi," alisema.

"Eeh."

"Hapa mbele kuna shamba la matikiti."

"Ndiko tunakokwenda."

*

Shamba lilianza ghafla: jangwa, uzio, kisha kijani hadi macho yanapokoma. Mmiliki wake, Abdelghani Sebbar, aliishi mbali, kwenye mji wa pwani, na bondeni alionekana mara mbili kwa mwaka. Aliyetawala hapa alikuwa msimamizi wake, Ouaziz, mtu mfupi, mpole wa sauti, aliyewapokea langoni na chai tayari imemiminwa, kana kwamba aliambiwa dakika watakayofika.

"Chai baadaye," Haddou alisema. "Nionyeshe hodhi."

Lilikuwa nyuma ya pampu: shimo la mraba, kubwa kuliko uwanja wa mpira, kuta zake zimelala mshazari, zote zimetandikwa turubai jeusi la plastiki. Lilikuwa tupu. Wafanyakazi wanane walikuwa upande wa mbali wakiunganisha turubai jipya kwa moto wa gesi. Nyuma ya kibanda moshi mzito ulikuwa ukipanda.

"Mlilimwaga lini?"

"Jumatano."

"Matikiti yana wiki tano, jua hili, nanyi mnamwaga hodhi zima?"

"Turubai lilipasuka."

"Lilipasukia wapi? Nionyeshe hilo lililopasuka."

Ouaziz alinyoosha kidevu kuelekea moshi. "Ndilo lile, Inspekta. Unaweza kulikagua ukipenda, ila litakutoa machozi."

Haddou alimgeukia Jilali. "Vua viatu. Shuka mpaka chini, kisha urudi."

"Afande?"

"Ni pakavu. Huwezi kuzama."

Jilali aliteremka kwa matako. Kurudi kulikuwa kazi nyingine. Alipanda hatua tatu, akateleza. Akajaribu kwa mbio, akafika nusu, akalala kifudifudi na kurudi chini polepole huku viganja vikilia juu ya plastiki. Wafanyakazi waliacha moto wao wakawa wanatazama. Hakuna aliyecheka. Mara ya nne Jilali alikaa chini akihema.

"Na maji yakiwemo, yenye ukungu wa kijani?" Haddou aliuliza.

"Ndiyo maana kuna kamba," Ouaziz alisema kwa upole, akaonyesha kamba zilizofungwa kwenye vigingi kila upande, zenye mafundo ya kushikia. "Usalama kwanza."

Haddou alichuchumaa. Kamba ilikuwa nyeupe pe. Ndani ya mafundo hakukuwa na punje ya vumbi, na kigingi kilikuwa bado kinatoa utomvu.

"Hizi ziliwekwa lini?"

"Zipo siku zote."

"Katika bonde hili hata nywele zangu si nyeupe namna hii."

Ouaziz alitabasamu, akamtupia Jilali kamba moja.

"Moha Outalb alikuja hapa Jumanne?"

"Alikuja kila wiki. Anahesabu visima vyetu, anasikiliza pampu, anatuambia tunawanyonya. Tunampa chai, anaondoka. Jumanne hii sikumwona."

"Mlinzi wa lango alimwona?"

"Mlinzi yuko likizo. Kwao."

"Kwao ni wapi?"

"Mbali."

"Mbali ni mkoa gani?" Jilali aliuliza, sasa amefika juu, magoti mekundu.

"Mbali sana," Ouaziz alisema, naye hakuacha kutabasamu.

Haddou alikwenda kando ya uzio, akapanda jiwe kutafuta mtandao, akampigia mkuu wake. Alieleza kwa sentensi tano. Mkuu alisikiliza, kisha akauliza kama ana karatasi ya hakimu ya kupekua shamba. Hana. Je, ana mtu aliyemwona marehemu shambani? Hana. Je, ana kitu chochote mkononi?

"Nina kilomita na saa, bwana mkubwa. Nina kucha kumi."

"Ziko wapi hizo kucha?"

"Kaburini."

"Basi toka hapo kabla hajanipigia mtu ambaye sitaki anipigie. Jioni faili liwe mezani kwangu. Ukipata mashahidi wa siku ya maji, au familia ikiomba kaburi lifukuliwe, tutaongea. Vinginevyo mzee aliteleza."

*

Tamsalt ilikaa mwisho wa ukanda, kuta zake za udongo zimeshikana na kilima. Wanaume tisa walikuwa kwenye benchi la udongo nje ya lango kuu, kivulini. Mkuu wa kijiji, Ba Hmad, alikuwa katikati yao. Aliinuka, akampa Haddou mkono, akaubusu wake mwenyewe, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua huko juu. Haddou alijibu yote kama inavyopasa. Kisha akauliza.

"Maji yalifika lini, Ba Hmad?"

"Jumatano alfajiri, mwadhini hajapanda."

Haddou alimgeukia wa pili. "Na wewe, ami?"

"Jumatano alfajiri, mwadhini hajapanda."

Wa tatu alikuwa mzee asiyeona. "Jumatano alfajiri," alisema, "mwadhini hajapanda."

"Nanyi sita mliobaki?"

Wakatikisa vichwa pamoja.

"Hata chuoni hatukukariri vizuri namna hii," Jilali alinong'ona.

Haddou alifunga daftari. "Naomba mnitembeze mashambani," alisema. "Nimekaa kwenye gari tangu asubuhi, miguu imekufa ganzi."

Ba Hmad hakuwa na njia ya kukataa. Walipita chini ya mitende, kwenye vijia vya udongo kati ya vipande vya shayiri na majani ya mbuzi. Mfereji mkuu ulikuwa ukitiririka. Haddou alitembea taratibu, mikono mgongoni, akiuliza kama mgeni anayetaka kuzungumza tu.

"Maji yakija, nani huanza?"

"Kila ukoo una siku yake. Siku yatakapofika maji, mwenye siku hiyo ndiye huanza."

"Hata watu wakigombana?"

"Hata wakiuana. Hiyo ni sheria ya babu zetu."

"Jumatano ni ya nani?"

Ba Hmad alisimama. Alielewa, lakini alielewa kwa kuchelewa. Nyuma yake yule kipofu akajibu kwa fahari, "Jumatano ni yetu, Aït Bouzid, tangu dunia kuumbwa."

"Na Alhamisi?"

"Aït Hsain."

"Vipande vyenu viko wapi, ami?"

Mzee alielekeza kwa fimbo, bila kukosea. Haddou alishuka kutoka kwenye kijia, akachuchumaa. Ardhi ya Aït Bouzid ilikuwa imepasuka kama sahani iliyoanguka. Alitia kidole kwenye ufa mmoja kikazama chote, na kilitoka kikavu. Shayiri ilikuwa ya manjano. Hatua kumi zaidi, ng'ambo ya tuta dogo, mguu wake ulizama matopeni hadi kwenye kifundo. Hapo palikuwa pa Aït Hsain.

Alirudi na kiatu kimoja cha tope akasimama mbele ya Ba Hmad.

"Maji yalifika Alhamisi," alisema. "Yangefika Jumatano, watu wa Jumatano wangekuwa wamelowa. Mmekubaliana kunidanganya mimi, lakini hamkuweza kuidhulumu zamu."

Wengine walibaki nyuma. Ba Hmad alikitazama kile kiatu.

"Zamu haichezewi," alisema. "Moha mwenyewe alitufunza hivyo. Alhamisi asubuhi yeye bado amelala pale juu ya mkeka, na sisi tunagawa maji kwa hesabu yake."

"Nani alimleta mferejini?"

"Sijui."

"Nani alikuandikia ile taarifa?"

"Niliandika mwenyewe."

"Kwa maneno ya nani?"

Ba Hmad alimshika mkono, akamsogeza mpaka mahali palipokuwa na kisima cha zamani chenye ukingo wa mawe. Akateka kidogo kwa kopo, akampa. "Onja."

Haddou alionja, akatema. Yalikuwa ya chumvi na kitu kingine, kama kutu.

"Yalikuwa matamu," Ba Hmad alisema. "Kabla ya visima vya Sebbar. Walipozama mita mia moja na ishirini, yetu yakaondoka, ikabaki hii. Tukapiga kelele. Tukaandika barua. Kisha Ouaziz akaja na bomba. Bomba moja, limetoka shambani kwake, saa moja kila alasiri. Hayo ndiyo tunayokunywa. Watu mia nne. Sasa wewe niambie, Inspekta, wewe ambaye umesoma: ukimfunga mwenye bomba, nani atalifungua?"

"Serikali italeta maji."

"Lini?"

Haddou alifuta kiatu chake cha tope kwenye nyasi.

"Nataka wanaume wawili watie sahihi kwamba yalifika Alhamisi," Haddou alisema. "Wawili tu. Sitauliza zaidi."

Ba Hmad aligeuka akawaita wale wanane. Aliwaeleza yaliyotakiwa, bila kupunguza neno. Walisikiliza. Mmoja akasema mbuzi wake wamefunguka. Mwingine akakumbuka ana mgonjwa. Wakaondoka mmojammoja kwa heshima, wakimwombea Haddou safari njema. Aliyebaki mwisho alikuwa yule kipofu wa Aït Bouzid.

"Mimi ningetia," alisema, "lakini wakili wao atauliza niliona nini."

*

Yamna, binti wa marehemu, ndiye aliyepiga simu kituoni Ijumaa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mjane, aliyeishi na mama yake mgonjwa kwenye nyumba ya pili kutoka lango. Aliwakaribisha uani. Wanawake wawili wazee waliokuwa wakikunja mikeka ya matanga walinyanyuka wakaingia ndani.

Haddou alimpa pole, akaketi, akamweleza kila kitu kwa mpangilio: bwawa, kilomita, kucha, turubai, kamba, mashamba ya siku mbili. Hakumficha kitu. Akaweka karatasi juu ya meza ya chai.

"Sijui kama alisukumwa au aliteleza mwenyewe. Ninachojua ni kwamba alizama kwenye lile hodhi, na mtu akambeba mpaka mferejini. Siku ikaandikwa Jumatano kwa sababu Alhamisi alikuwa ameshakufa zaidi ya siku nzima. Chini ya kucha nesi hakuweza kusafisha yote. Mapafu yake yana maji ya hodhi, yenye mbolea, si ya mto. Daktari wa mjini atayaona, lakini wiki ijayo hatayaona. Mwendesha mashtaka hafukui kaburi kwa neno langu. Anataka sahihi yako."

Yamna aliitazama karatasi bila kuigusa.

"Ijumaa nilipokupigia," alisema, "nilipanda kilima kutafuta mtandao. Niliporudi, alasiri ikafika, bomba halikufunguka. Ouaziz akatuma mtu kusema pampu ni mbovu."

"Alijuaje kwamba umepiga?"

"Kilima hakina ukuta, Sidi. Wale waliokuja Alhamisi na mkate na samli kunipa pole, Ijumaa walikuja na madumu matupu. Waliyapanga hapo mlangoni. Hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyesema hata neno. Madumu ishirini na saba. Usiku nikampelekea Ba Hmad habari kwamba sitatia sahihi kitu chochote. Leo asubuhi tumeambiwa pampu imepona."

"Baba yako asingekubali."

"Baba yangu alikunywa ya kisima miaka mitatu. Ya bomba hakuyatia mdomoni, hata chai yake aliipika kando." Alionyesha chumba cha nyuma, ambako mtu alikuwa akikohoa. "Mama ana figo moja. Daktari alisema maji ya chumvi yatammaliza kabla ya kiangazi."

"Nitaomba lori la maji lije."

"Litakuja mara ngapi?"

Haddou aliisogeza karatasi karibu naye.

"Mara ngapi, Sidi?"

"Mara moja," alisema. "Nikipiga kelele, mara mbili."

Yamna aliinamisha kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilolitegemea na ambaye hamlaumu aliyelitoa. Kisha akasema, kwa sauti ileile, "Walimleta Alhamisi kabla ya adhana. Nilisikia gari. Limezima taa, lakini injini yake naijua. Nikajiambia ni gari la mkate. Nikalala tena."

Kalamu ya Haddou ilikuwa mkononi. "Utayasema haya mbele ya hakimu?"

"Hapana."

"Hata jina la mwenye gari?"

"Nimekuambia wewe, ili uache kutafuta. Umechoka, na huyu kijana wako ana damu magotini."

Nje, mahali fulani, chuma kililia juu ya chuma, kisha sauti ya watu wengi wanaokwenda haraka. Yamna alichukua dumu lake nyuma ya mlango akatoka. Wanaume walibaki wameketi. Ndani yule mgonjwa aliendelea kukohoa, na mmoja wa wale wazee akamsomea dua.

Yamna alirudi na dumu limejaa, ukingo unavuja. Akaleta bilauri mbili, akamimina. Ilikuwa saa kumi, na tangu asubuhi Haddou hakuwa amekunywa kitu zaidi ya lile tone la kisima. Aliitazama bilauri. Maji yalikuwa safi na baridi, yametoka mita mia moja na ishirini chini ya mawe.

Akanywa yote. Jilali naye akanywa.

"Mungu akulipe," Haddou alisema.

"Na wewe," Yamna alisema, akamrudishia karatasi yake, imekunjwa vizuri.

*

Bomba lilikuwa nje ya lango, kando ya barabara, na foleni ilikuwa imeikata barabara yenyewe. Wanawake sitini au zaidi, wachache wana punda, madumu ya manjano yamepangwa sambamba mpaka ukutani. Jilali alisogeza gari hadi karibu kabisa. Hakuna aliyesogea. Waliitazama namba ya serikali kwenye bamba, wakageuza nyuso kuelekea maji.

Mbele yao, kutoka upande wa shamba, ikaja pikapu nyeupe. Haikupiga honi. Wanawake waliiona ikiwa mbali wakaanza kuvuta madumu, wakawavuta punda kwa masikio, wakajibana ukutani mgongo kwa mgongo mpaka njia ikapatikana. Pikapu ikapita katikati yao polepole. Ilipofika usawa wa gari la polisi Ouaziz aliteremsha kioo, akaweka mkono wa kulia kifuani kwa adabu, akaendelea na safari.

Foleni ikajifunga tena.

Jilali alipeleka kiganja kwenye honi.

"Acha," Haddou alisema.

"Afande, faili linatakiwa jioni."

"Zima injini."

Jilali akazima. Walikaa ndani ya gari, vioo vikiwa wazi, wakingoja madumu yajae, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho.